Baiskeli vijijini Ufaransa bila magari: fuata njia zilizomaliza kazi yake

Mtu anayefika Ufaransa na baiskeli kwa mara ya kwanza hudhani utulivu wa vijijini uko kwenye barabara ndogo. Nami nilidhani hivyo. Nilishika barabara nyembamba za lami, zile ambazo nambari zake huanza na herufi D, nikapata mizabibu kushoto na kulia kama nilivyotarajia, na nyuma yangu nikapata gari la mwenyeji anayeijua kila kona. Kikomo cha mwendo kwenye nyingi ya barabara hizo ni kilomita 80 kwa saa, na baadhi ya departementi (maeneo ya utawala yaliyo ndani ya mikoa) zimerudisha 90. Pembeni hakuna pa kukimbilia: lami ikiisha, mtaro unaanza.

Utulivu wenyewe uko kwingine. Uko kwenye njia zilizojengwa kwa kazi maalumu, kazi ile ikaisha au ikapungua, na njia ikabaki. Reli ambayo treni yake ya mwisho ilishapita. Ukingo wa mfereji ambako farasi walikokota mashua. Kijia cha mkokoteni kati ya shamba na kinu. Ukijua njia ilizaliwa kwa ajili ya nini, unajua mwinuko wake, unajua tairi litakanyaga nini, na unajua utakutana na nani. Mwongozo huu unafuata wazo hilo kutoka kwenye ramani mpaka kituo cha treni cha mwisho. Mfano wangu mkubwa ni njia moja ya kusini, Passa Païs, kwa sababu ndiyo ninayompa kila anayeniomba pa kuanzia.

Hatua ya kwanza: uliza njia ilikuwa nini zamani

Reli ya zamani ndiyo rafiki wa anayeanza. Treni ya makaa haikuweza kupanda mlima mkali, kwa hiyo wahandisi walikata vilima, wakachimba mahandaki, wakainua madaraja ili mwinuko uwe wa pole. Kwa sababu hiyo utapanda mita mia kadhaa bila miguu kulalamika. Vituo vya zamani bado vipo, vingi vimegeuzwa nyumba au migahawa, na viko kila baada ya kilomita chache kwa sababu ndivyo abiria wa vijijini walivyohitaji. Wafaransa huziita njia hizi *voie verte*, yaani njia ya kijani. Ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1997 katika departementi ya Saône-et-Loire, kilomita 44 kati ya Givry na Cluny, na mwaka 2004 jina hilo likaingizwa kwenye sheria ya barabarani. Maana yake kisheria ni kwamba chombo chenye injini hakiruhusiwi. Njia ni ya waenda kwa miguu, baiskeli, na mahali pengine farasi. Kibao chake ni mraba wa buluu wenye mtu na baiskeli. Ukiona kibao kilekile kimekatwa kwa mstari mwekundu, njia ya kijani imekwisha na magari yanarudi.

Mfereji ni tambarare, na watu hudhani tambarare maana yake rahisi. Si mara zote. Kwenye mfereji hakuna mteremko wa kupumzikia, upepo ukikukabili unakukabili siku nzima, na mizizi ya miti iliyopandwa ukingoni huinua udongo ikafanya matuta ya kutikisa mikono. Canal du Midi, uliochimbwa kati ya 1666 na 1681, una kilomita 240 kutoka Toulouse mpaka ziwa la maji ya chumvi la Thau karibu na Sète. Upande wa Toulouse njia ina lami kwa kilomita kadhaa. Ukishaingia ndani zaidi kuelekea mashariki, inakuwa udongo, changarawe, na mizizi. Kaskazini-magharibi, Bretagne, mfereji wa Nantes mpaka Brest una zaidi ya kilomita 360, na sehemu kubwa ya ukingo wake ni changarawe laini iliyoshindiliwa. Huo ni mzuri kwa familia.

Kijia cha shamba, *chemin rural*, ni mali ya kijiji na kiko wazi kwa umma. Humo hakuna mhandisi aliyejali magoti yako. Kinapanda ghafla, kina mawe ya ngumi, na mvua ikinyesha kinakuwa utelezi. Barabara ya msituni ni pana kwa sababu inabeba malori ya magogo. Siku za kazi unaweza kukutana nayo, Jumapili iko kimya.

Aliyezoea barabara za murram za kwetu ataona tofauti moja mara moja. Kwenye njia ya kijani hakuna yale matuta madogo ya mfululizo yanayotingisha mifupa, kwa kuwa matuta yale huzaliwa na magurudumu ya magari yanayokwenda kasi. Pasipo na magari, changarawe hulala kama ilivyoshindiliwa.

Hatua ya pili: soma ramani ya karatasi hata kama una simu

Taasisi ya ramani ya taifa, IGN, huchapisha ramani za kipimo cha 1 kwa 25,000, ambapo sentimita nne ni kilomita moja. Ramani hizohizo unaweza kuzitazama bure kwenye intaneti. Ndizo zinazoonyesha kila kijia, kila chemchemi, na reli za zamani, ambazo mara nyingi zimeandikwa kwamba ni reli iliyoachwa. Chama cha AF3V, kinachopigania njia za baiskeli zisizo na magari, nacho kina ramani ya njia za kijani za nchi nzima. Anza na AF3V upate njia, kisha fungua ya IGN uone kilicho pembeni yake.

Programu za simu zinazopanga njia zenyewe zina manufaa, lakini hazijui tofauti ya kijia kinachopitika na kijia kilichomezwa na michongoma miaka kumi iliyopita. Mimi hukagua mambo matatu kabla ya kuamini mstari wowote. Kwanza picha ya anga: je, kijia kinaonekana, au kuna miti tu? Pili, mistari ya mwinuko: ikibanana na kijia kikaikata moja kwa moja, utashuka na kusukuma. Tatu, kama kijia kinaishia uani kwa mtu. Nyumba ikiwa mwisho wa mstari na hakuna njia inayoendelea, mstari huo ni wa mwenye nyumba.

Alama nyeupe na nyekundu zilizopakwa kwenye miti na mawe ni za njia ndefu za waenda kwa miguu, zinazojulikana kama GR. Usizifuate kwa kudhani ni za baiskeli. Baadhi ya vipande vinapitika vizuri, vingine ni ngazi za mawe.

Pakua ramani kwenye simu kabla ya kuondoka. Mabonde ya milimani hayana mtandao wa kutosha, na mahandakini hakuna kabisa.

Hatua ya tatu: baiskeli

Hapa sitakaa sana, kwa sababu watu huhangaika na baiskeli kuliko inavyostahili. Kwa njia za reli, baiskeli yoyote imara yenye tairi la milimita 35 kwenda juu inatosha. Ukitaka kutoka na kuingia vijia vya shamba na msitu, chukua ya changarawe yenye tairi la milimita 40 hadi 45 na gia nyepesi za kutosha kupanda ukiwa umekaa. Mtu wa kilo 70 kwenye tairi la milimita 40 ajaze upepo wa bar 2 hadi 2.5, yaani kama psi 30 hadi 36. Wengi hujaza kupita kiasi, kisha hulaumu njia kwamba inarusha.

Jambo moja ambalo wauzaji hawakwambii: kuanzia vuli wakulima hukata ua wa michongoma kwa mashine, na miiba hutapakaa njiani. Mwiba wa michongoma unapenya tairi jipya. Matairi yasiyo na tyubu, yenye maji ya kuziba ndani, ndiyo salama yako. Na hata ukiwa nayo, beba tyubu moja, viraka, pampu, na kiungo cha akiba cha mnyororo.

Sheria inadai kengele, taa ya mbele na ya nyuma, na fulana ya kung'aa ukiwa nje ya mji usiku au kukiwa na ukungu. Kofia ngumu ni lazima kwa watoto walio chini ya miaka 12. Mtu mzima avae kwa akili yake. Visikizi vya masikioni vimekatazwa tangu 2015, na faini yake ni yuro 135.

Hatua ya nne: panda treni, usiende na gari

Njia nzuri ni ile yenye kituo cha treni kila mwisho, maana hulazimiki kurudi ulikotoka. Passa Païs inayo yote mawili: Bédarieux upande wa mashariki, unaofikiwa kwa treni ya mkoa kutoka Béziers kwa muda usiotimia saa moja, na Mazamet upande wa magharibi, ambako treni ya mkoa inakurudisha Toulouse kupitia Castres. Treni hizo za mkoa huitwa TER. Baiskeli hupanda ikiwa nzima na huning'inizwa au kuegeshwa kwenye behewa lenye alama ya baiskeli. Nafasi ni chache. Katika majira ya joto angalia kama mkoa unadai uweke nafasi, na usipange kupanda treni ya mwisho ya siku, kwa sababu ikijaa baiskeli huna nyingine. Treni ya kasi, TGV, ina masharti magumu zaidi: ama ununue nafasi ya baiskeli mapema, ama uifungue uitie kwenye mfuko.

Anayetoka Afrika Mashariki atahitaji visa ya Schengen na bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Soma bima hiyo uone kama inakubali safari ya baiskeli. Ukiona kusafirisha baiskeli kwa ndege ni ghali, kodi Toulouse au Montpellier.

Miezi ninayoipenda ni Mei, Juni na Septemba. Julai na Agosti joto la huku kusini hukausha koo, na hatari ya moto inapokuwa kubwa serikali ya departementi hufunga misitu kwa siku hiyo. Tangazo hutolewa jioni au asubuhi, na ni la kutiiwa. Oktoba ni mwezi wa chestnati, bonde lote linanukia majani mabichi na moshi, lakini ndio pia msimu wa mvua kubwa zinazoshuka kwa ghafla kutoka milimani. Idara ya hali ya hewa hutangaza rangi: kijani, njano, chungwa, nyekundu. Ikiwa chungwa, kaa ndani. Mito ya huku hujaa kwa saa chache.

Hatua ya tano: Passa Païs, siku mbili

Jina ni la Kioksitani, lugha ya zamani ya kusini, na maana yake ni kuvuka nchi. Ni karibu kilomita 80 za reli ya zamani ndani ya hifadhi ya Haut-Languedoc. Mtu mwenye nguvu anaimaliza kwa siku moja. Nakuomba usifanye hivyo. Tumia siku mbili, ulale Olargues au Saint-Pons-de-Thomières.

Ukishuka Bédarieux, jaza chupa za maji na ununue mkate kabla ya kutoka mjini. Kilomita za mwanzo zinafuata bonde la mto Orb, na zinapita Hérépian na Lamalou-les-Bains, mji wa maji ya moto ambako watu huja kutibiwa viungo. Sehemu hii ina watu wengi wanaotembea, wengine kwa magongo. Punguza mwendo, piga kengele ukiwa mbali, usisubiri kuwafikia mgongoni. Kengele inayopigwa mita thelathini nyuma ni salamu. Inayopigwa mita mbili nyuma ni tusi.

Baada ya Lamalou mlima wa Caroux unasimama kulia kwako, mwamba mtupu unaopita mita 1,000, na njia inakwenda miguuni pake. Wenye bahati huwaona kondoo-mwitu aina ya mouflon. Mwangaza wa asubuhi hupaka mwamba ule rangi ya asali. Ukiweza, pita hapo kabla ya saa nne. Ukifika Mons-la-Trivalle, funga baiskeli kwa mnyororo na upande kwa miguu kwenye korongo la Héric. Kuna mabwawa ya maji ya kijani, baridi hata Julai. Nimewapeleka hapo wageni watatu kwa nyakati tofauti, na wote watatu walisema tungelianza mapema zaidi.

Toka Mons, njia inauacha mto Orb na kuingia bonde la Jaur. Unavuka daraja refu la chuma, na mji wa Olargues unatokea juu ya kilima chake, mnara mmoja, na chini yake daraja la mawe la Zama za Kati wanaloliita Daraja la Shetani. Bonde hili lina micheri. Mwishoni mwa Mei na mwanzo wa Juni cheri huuzwa barabarani. Kulala Olargues ni uamuzi mzuri, ila weka nafasi mapema, vyumba si vingi. Tafuta nyumba yenye alama ya *Accueil Vélo*: ni nembo ya taifa inayomaanisha mwenyeji yuko karibu na njia, ana mahali pa kufungia baiskeli usiku, na vifaa vya matengenezo madogo. Kuna pia kambi za mahema za manispaa, ambazo ni nafuu na safi.

Siku ya pili unapanda. Hutaona kwamba unapanda, na hapo ndipo utakapowashukuru wahandisi wa reli. Utaona tu kwamba unakwenda polepole kuliko jana. Prémian, Riols, kisha Saint-Pons, kwa jumla kama kilomita 18 kutoka Olargues. Saint-Pons ni mji wa marumaru, na kanisa lake kuu ni kubwa kuliko mji. Tembea mpaka chanzo cha mto Jaur, katikati ya mji: mto mzima unatoka chini ya mwamba, tayari umekamilika, kama mtu anayetoka chumbani akiwa amevaa. Nunua chakula hapa. Mbele maduka ni machache.

Baada ya Courniou inakuja handaki la Fenille, zaidi ya mita 700. Vaa koti kabla ya kuingia, hata kama nje ni joto, kwa sababu ndani ni baridi na matone yanadondoka. Vua miwani ya jua. Washa taa zote mbili, hata kama handaki linaonekana lina mwanga, kwani anayekuja mbele yako anahitaji kukuona wewe. Nenda upande wa kulia, pole.

Handaki hili limepita chini ya mgongo wa nchi. Mvua inayonyesha upande uliotoka inashuka Jaur, inaingia Orb, inafika Bahari ya Kati. Mvua ya upande unaotokea inashuka Thoré, kisha Agout, Tarn, Garonne, na inaishia Atlantiki. Unaliona hilo kwa macho. Nyuma yako kulikuwa na mizabibu, micheri na mialoni midogo migumu. Mbele ni malisho ya kijani, miti mirefu, ng'ombe, ukungu. Kila ninapotoka upande ule husimama kidogo, ninywe maji, nitazame nyuma kwenye tundu jeusi.

Kuanzia hapo ni kushuka taratibu. Labastide-Rouairoux ilikuwa na viwanda vya nguo, na ina jumba la makumbusho la ufumaji lenye mashine za zamani. Baada yake Lacabarède, Saint-Amans-Soult, na hatimaye Mazamet, mji uliotajirika kwa kunyoa sufu kwenye ngozi za kondoo zilizoletwa kwa meli kutoka Argentina, Australia na Afrika Kusini. Majumba ya matajiri wa ngozi bado yamesimama. Ukiwa na saa mbili kabla ya treni, panda kwa miguu kwenye daraja la kuning'inia lililofunguliwa 2018: urefu mita 140, kimo mita 70 juu ya korongo.

Kwenye njia nzima utakatiza barabara za magari mara nyingi. Kila makutano yana vizuizi vya mbao au chuma vilivyopishana, vya kuzuia pikipiki. Mwenye mikoba mipana ubavuni apunguze mwendo mapema. Na hapo kwenye makutano wewe ndiye wa kusimama.

Hatua ya sita: kutoka nje ya njia ya kijani

Ukishazoea, utaona vijia vinavyoingia njia ya kijani kutoka mlimani, na moyo utataka. Nenda, lakini jua vibao. Duara jeupe lenye ukingo mwekundu na kitu chochote hakimo ndani: marufuku kwa vyombo vyote, baiskeli ikiwemo. Duara hilohilo lenye picha ya gari ndani: magari tu ndiyo yamekatazwa, wewe pita. *Propriété privée* ni mali ya mtu, geuka. Lango la mifugo ulilolikuta limefungwa, lifunge nyuma yako. Ulilolikuta wazi, liache wazi.

Uwindaji ndilo jambo zito zaidi, na wageni hawalijui. Kwa kawaida msimu ni kuanzia Septemba mpaka mwisho wa Februari, na katika milima hii watu huwinda nguruwe-mwitu kwa makundi, wakiwa na mbwa na bunduki za masafa marefu, hasa wikendi. Wanaweka kibao kando ya njia: *Chasse en cours*, au *Battue en cours*. Maana yake uwindaji unaendelea sasa hivi. Usipite kwa kujipa moyo. Rudi, au msogelee mwindaji wa kwanza mwenye fulana ya chungwa, msalimie, muulize pa kupitia. Wengi watakuelekeza vizuri. Katika miezi hiyo vaa rangi ya chungwa au ya manjano kali.

Malishoni juu unaweza kukutana na mbwa mkubwa mweupe anayeitwa patou. Amelelewa pamoja na kondoo, na kazi yake ni kukutilia shaka. Shuka kwenye baiskeli, iweke kati yako na yeye, usimkazie macho, usipige kelele wala kurusha jiwe, zunguka kundi kwa mbali. Jioni kagua miguu yako kama ina kupe.

Dharura yoyote, piga 112. Kwenye njia za reli mara nyingi kuna vibao vya kilomita; kumbuka cha mwisho ulichokipita.

Maji, mkate, na salamu

Makaburi ya vijiji vya Ufaransa karibu yote yana bomba la maji, kwa ajili ya wanaomwagilia maua. Waendesha baiskeli wote wanalijua bomba hilo. Ingia kwa heshima, vua kofia, jaza, funga bomba. Kibao kikisema *eau non potable*, maji hayo si ya kunywa. Chemchemi isiyo na kibao, uliza.

Maduka ya vijijini hufungwa saa sita au saa sita na nusu mchana, hufunguliwa tena saa nane au tisa. Jumapili alasiri kumefungwa, na Jumatatu mara nyingi kumefungwa kutwa. Nilijifunza hilo siku moja ya Jumatatu, kilomita 50 kwenye miguu, vijiji vitatu mfululizo vina vitasa mlangoni. Aliyeniokoa ni mama mmoja aliyekuwa anaanika nguo, akanikatia mkate na jibini. Tangu siku hiyo mfuko wangu una chakula cha nusu siku ambacho sikigusi mpaka jioni.

Na mama yule asingenipa kitu kama ningeanza na shida yangu. Huku, kama kwetu, huanzi na neno kabla ya salamu. *Bonjour* ukiingia dukani, *bonjour* kwa mzee aliyekaa kwenye benchi, *bonjour* kwa kila unayepishana naye njiani, na *bonsoir* jua likishuka. Anayeuliza njia bila kusalimu hujibiwa kwa mkato, na huondoka akisema watu wa huku ni wakali. Sisi tuliolelewa na shikamoo na hodi hatuna kisingizio cha kusahau.

Ukitaka kuendelea baada ya Mazamet

Njia ya kijani inaishia hapo, na kati ya Mazamet na Revel, kama kilomita 35 chini ya mlima unaoitwa Montagne Noire, hakuna njia moja iliyotengenezwa. Ndipo ramani ya IGN inapofanya kazi: unga vijia vya shamba kupitia Dourgne na Sorèze, ukiacha barabara kuu upande wako wa kulia.

Karibu na Revel unaikuta kazi ya Pierre-Paul Riquet, mtu aliyechimba Canal du Midi na kufariki 1680, mwaka mmoja kabla haujafunguliwa. Tatizo lake lilikuwa hili: mfereji unaovuka mgongo wa nchi lazima upate maji mahali pa juu kabisa, ama sivyo unakauka. Akachimba mtaro mwembamba, *Rigole de la Plaine*, unaoleta maji ya milimani mpaka Naurouze, mita 189 juu ya bahari, na hapo maji yanagawanyika, mengine kwenda Toulouse na mengine kwenda Bahari ya Kati. Ni mgongo uleule uliopita chini yake kwenye handaki la Fenille. Mtaro huo una karibu kilomita 40, na pembeni yake kuna kijia cha udongo na changarawe, kivuli tupu, kinachozunguka kila kilima kwa sababu maji hayapandi. Hesabu saa nne, si mbili. Ni chembamba, kina kona nyingi, na watembeaji wanapita.

Kutoka Naurouze fuata mfereji mkubwa kuelekea mashariki kama kilomita 12 mpaka Castelnaudary. Kituo cha treni kiko ndani ya mji, na treni za TER za kwenda Toulouse hupita hapo. Kabla ya kupanda, futa udongo kwenye mnyororo na matairi kwa kitambaa, maana baiskeli yako itaning'inia karibu na koti la mtu.